Waliopona wa Rafu ya Juu

Masjala ya kituo kile cha afya ilikuwa na mihuri mitatu tu. Mmoja ulisema AMEHAMA, mwingine AMEFARIKI, na wa tatu AMEPONA. Huo wa tatu ndio uliochakaa kuliko wenzake, kipini chake kimelika mpaka kikapata umbo la vidole vya karani, na herufi zake zilikuwa zimeanza kutoka nusunusu.

Karani mwenyewe watu walimwita Mama Masjala. Jina alikuwa nalo, tena majina matatu kamili, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelitumia pale kituoni isipokuwa karatasi ya mshahara. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na mitatu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo pamoja na stuli yake, ngazi ya mbao ya vidato vitano na rafu zilizopanda mpaka darini. Mgonjwa anataja namba, yeye anapanda, anashuka na faili, anaipuliza vumbi. Ukimwuliza kama kazi ni ngumu atakujibu kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, kisha atakuuliza namba yako upya, maana umeshamsahaulisha.

Habari ya muhuri ule wa tatu ni bora ielezwe mapema, kwa sababu ndio mzizi wa yote. Miaka mingi nyuma, mganga mkuu wa wakati ule alipata barua kwamba wakaguzi wanakuja. Rafu zilikuwa zimefurika, faili nyingine zimelala sakafuni, na nusu yake zilikuwa za watu ambao hawajakanyaga kituoni mwaka mzima. "Kila faili iwe na mwisho wake," mganga mkuu akaagiza. "Sitaki kuona faili inayoelea." Mama Masjala akaitazama mihuri yake. Kumwandikia mtu amefariki na huna hakika kama amefariki, huko ni kumchuria. Amehama? Nani aliyemwona akipakia vyombo? Ukabaki ule wenye heri. Alasiri moja tu alipiga AMEPONA kwenye faili mia moja na ushei, akazifunga kamba, akazipandisha rafu ya juu kabisa. Wakaguzi walipofika walisifu mpangilio, na mganga mkuu akampa mkono mbele ya watu.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria, ingawa haikuandikwa popote: asiyeonekana miezi kumi na miwili, huyo amepona. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, na mchukuzi mwenyewe alikuwa na magoti mabovu.

Daktari kijana aliletwa mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi mbele tu, mtu wa kula amesimama. Wauguzi walimbatiza Bwana Asilimia siku ya tatu, kwa sababu hata ukimwuliza kama mvua itanyesha lazima akupe hesabu. Siku moja alikuja dirishani na mikono mitupu.

"Mama, nataka faili zote za sonona. Za wale waliopata nafuu."

"Zote?" Mama Masjala akaonyesha juu kwa kidole. "Unaziona ziliko?"

"Tutazishusha pamoja."

Jambo lililomkera daktari lilikuwa hili. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni unaomlaza mtu kitandani na mwilini hana hata kidonda, una tabia ya kurudi. Mtu anatibiwa, anainuka, anarudi kazini, nyumba nzima inashukuru. Baada ya miezi au miaka anaanguka tena, na safari hii anaona haya kurudi kwa daktari. Waliopata nafuu walikuwa zaidi ya mia tatu. Muuguzi wa kuwatembelea majumbani alikuwa mmoja, na baiskeli yake moja.

"Hawezi kuwafuata wote," daktari alisema. "Kwa hiyo tujue mapema ni nani atakayeugua tena. Tunasoma faili za zamani, tunaona waliorudiwa na ugonjwa wanatofautiana vipi na wasiorudiwa. Halafu tunatengeneza karatasi ya alama. Alama nyingi, muuguzi anakwenda. Alama chache, tunamwacha mtu apumzike."

"Kwa hiyo unataka kupiga ramli."

"Ramli yenye hesabu, Mama."

"Ramli zote zina hesabu, mwanangu. Waulize waliokwisha kupigiwa."

Wakafanya kazi hiyo wiki sita, kila siku saa nane mpaka saa kumi, foleni ikishapungua. Mama Masjala alisoma, daktari akaandika kwenye kompyuta.

"Mara ya ngapi kuugua?"

"Ya pili."

"Dawa alitumia muda gani?"

"Miezi mitatu, akaacha."

"Mtu wa nyumbani anayemfuatilia?"

Mstari huo karibu kila mara ulikuwa mtupu, au uliandikwa "ndugu" bila jina, kana kwamba ndugu ni aina ya samaki.

"Mwisho wake?"

"Amepona."

"Safi," daktari alisema, akagonga kitufe, wakaendelea na nyingine.

Wiki ya kwanza Mama Masjala hakuwaza lolote. Wiki ya pili neno lile likaanza kumwasha mdomoni. Amepona, amepona, amepona, na kila akigeuza ukurasa aliona kwamba kabla ya muhuri hakuna kitu, ziara ya mwisho na kisha weupe. Alitaka kusema. Lakini akajiambia kwamba mtu aliyesoma kiasi kile bila shaka anajua namna masjala zinavyoendeshwa, na nani yeye amfundishe. Hiyo ilikuwa sababu moja. Nyingine ilikuwa nyumbani kwake, imelala chumba cha pili.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mama yao alizaa wawili tu, wakapishana miaka kumi na mmoja, hivyo Mama Masjala alimbeba Mwalimu mgongoni kabla hajaanza kubeba faili. Mwalimu aliugua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya mimba kuharibika mwezi wa saba, na mume akaona hapo ndipo pa kuondokea. Mara ya pili ni mama yao alipofariki. Mara zote mbili dada mtu ndiye aliyemlisha kwa kijiko, akamwogesha, akasimama kwenye ofisi ya mwalimu mkuu na uongo mpya kila wiki, leo mgongo, kesho macho.

Na mara zote mbili ugonjwa uliingia kwa mlango mmoja. Mwalimu alikuwa msafi wa kuchosha watu, wa kufua shuka ambayo haijalaliwa. Basi angeloweka nguo kwenye beseni uani asubuhi, na jioni hazijafuliwa. Kesho yake hazijafuliwa. Siku ya tatu povu limekufa, maji yameanza kuvunda, na yeye anapita kando ya beseni kana kwamba ni la jirani. Baada ya beseni hufuata madaftari ya watoto yasiyosahihishwa. Baada ya madaftari, kitanda.

Safari ya pili aliinuka vizuri. Aliambiwa asiache dawa kabla ya miaka miwili, akazimeza miezi mitano bila kukosa. Kisha Jumapili moja, wakiwa wanachambua mchele na kucheka, Mwalimu akasema:

"Dada, nimechoka kumeza. Kila asubuhi vile vidonge vinanikumbusha mimi ni mgonjwa. Nipigie ule muhuri wako, tumalize."

"Mwaka wenyewe haujafika."

"Wewe ndiye masjala nzima. Nani atakuuliza?"

Jumatatu Mama Masjala akampigia. Akatia wino mpya kabisa, akabandika AMEPONA katikati ya ukurasa, na jioni akaichukua faili mkobani, kinyume cha kanuni zote, akaipeleka nyumbani. Mwalimu aliubusu ule ukurasa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na vidonge vilivyobaki vikatupwa chooni.

Mama Masjala hakuwa mjinga, hilo lisemwe. Alikuwa amechoka. Miaka sita alikuwa anamsikiliza mtu anavyopumua kupitia ukuta, anahesabu vijiko vya uji, anakagua uso kila asubuhi kabla ya kusalimia. Alitamani atokee mtu mwenye cheo amwambie imekwisha. Hakutokea, basi akajiambia mwenyewe kwa muhuri. Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita.

Jumanne ya wiki ya sita daktari alimwita huku anapunga mkono.

"Mama, njoo uone! Walioacha dawa mapema, asilimia themanini na moja wamepona. Themanini na moja! Na wale wanaoendelea kuja, nusu yao wanaugua tena. Inapingana na vitabu vyote."

"Vitabu vinasemaje?"

"Kinyume kabisa. Kwamba ukiacha mapema unaanguka mapema."

"Na wewe unaamini kipi?"

"Naamini faili," daktari alisema. "Faili hazina sababu ya kudanganya."

Mama Masjala akaomba apewe nakala ya karatasi ya alama. Ijumaa daktari angeisoma mbele ya wakubwa kutoka makao makuu, na wakiikubali, vituo vyote vya jirani vingeitumia kuanzia mwezi unaofuata. Aliyeugua zaidi ya mara moja, alama nne. Aliyefiwa karibuni, mbili. Anayekosa usingizi, mbili. Aliyeacha dawa mapema, toa tatu. Chini ya nane, aachwe apumzike.

Akajifungia masjala na kalamu ya risasi. Mdogo wake aliugua mara mbili: nne. Msiba: mbili. Usingizi? Akaikumbuka taa ya chumba cha pili inavyowaka, akaandika kwamba analala. Aliacha dawa mapema: toa tatu. Jumla ikawa tatu.

Alijua ile karatasi imetoka wapi. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba themanini na moja ile ilitengenezwa na mkono wake na wino wake, tangu alasiri ile wakaguzi walipokuwa njiani. Hata hivyo moyo ulimtulia, kama mtu aliyesomewa hukumu akakuta ameachiwa. Alirudi nyumbani anatembea kwa wepesi. Alipoliona beseni uani, na nguo ndani yake tangu Jumapili, alijiambia kwamba jana maji yalikatika. Jana maji hayakukatika.

Jumatano, saa nne asubuhi, mzee mmoja alifika dirishani. Alikuwa fundi viatu, vidole vina gundi kavu kwenye kucha, na alishika kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi mpaka kinakatika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni namba ya mke wangu. Nataka daktari afike nyumbani, au anipe cha kumpelekea. Yeye haji. Hatoki chumbani."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa. Mwanzo alikuwa anafika mpaka mlangoni."

Mama Masjala akapanda ngazi. Namba ilikuwa rafu ya juu. Alipoifungua faili hapo dirishani aliuwahi muhuri kwa kiganja, lakini fundi viatu ni mtu anayeangalia vitu vilivyopinduliwa siku nzima, akasoma kutoka upande wake bila taabu.

"Imeandikwa amepona."

"Ndiyo, mzee."

"Nani?"

"Mke wako."

Mzee akafikiri. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitaka kujua kweli.

"Huyo aliyemwona amepona, alimwona wapi? Maana mimi nalala naye kitanda kimoja na sijamwona. Nielekeze nimfuate huko."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Mzee hakucheka. "Sikuja kugombana," akasema. "Kama alipona hata siku moja, ningependa kuijua hiyo siku. Labda nilikuwa kazini."

Mama Masjala aliangalia muhuri, akaangalia kikaratasi kile, mwishowe akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Hakuna aliyemwona, mzee. Niliandika mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuja."

"Hakuja kwa sababu alikuwa anaumwa," fundi viatu akasema polepole, kama anayemwelewesha mtoto.

"Ndiyo, mzee."

Akaipeleka faili mwenyewe kwa muuguzi, akamwomba baiskeli iende huko leo hii, kabla ya kwingine kote. Saa sita akafunga dirisha, akaandika "narudi" kwenye kipande cha boksi, akaenda nyumbani. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aajiriwe.

Uani beseni lilikuwa palepale. Maji yamegeuka kijivu, na uvundo wake ulimpokea langoni. Ndani, chini ya meza, akakuta madaftari ya darasa la pili yamepangwa vizuri, arobaini na mawili. Akafungua la juu. Safari hii madaftari yalikuwa yametangulia beseni: tiki nyekundu ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili nyuma, na chini yake mtoto alikuwa ameendelea kuandika ukurasa baada ya ukurasa, bila mtu kumwambia kama amepata au amekosa.

Mwalimu alikuwa amelala juu ya shuka na gauni lake la kazini, viatu miguuni, macho kwenye dari.

"Umerudi mapema," akasema.

"Na wewe."

"Mimi sikwenda."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Natoka na mkoba, nakaa nyuma ya ghala la mbao. Ukishapita, narudi."

Mama Masjala akakaa ukingoni mwa kitanda, kikalia chini ya uzito wake. Kila asubuhi aliukagua uso ule. Aliukagua jana, aliukagua leo, akaona alichotaka kuona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Dada? Ulinipigia muhuri." Mwalimu alizungumza bila lawama, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye dari. "Ulifurahi siku ile. Sijakuona ukicheka vile tangu mama afariki. Nikaona nikisema imerudi, nitakuwa nimekunyang'anya. Kisha umechoka na mimi."

"Sijachoka."

"Umechoka."

"Nimesema sijachoka!"

Alipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakashtuka. Hakuna anayepiga kelele namna ile ila aliyechoka, na wote wawili walijua.

Kisha Mama Masjala akauliza lile swali ambalo watu hulizunguka. "Unafikiria kufa?"

"Sifikirii kufa. Nafikiria kutokuwapo. Sijui kama ni kitu kimoja."

"Ni majirani," dada yake akasema.

Akamvua viatu. Akampikia uji, akamshikia kikombe mpaka ukafika nusu. Kisha akatoka uani, akainama na magoti yake mabovu, akamwaga maji yale, akasuuza nguo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mlango wa chumba ameuacha wazi ili amwone. Uvundo haukutoka wote. Akazianika hivyohivyo, jua bado likiwapo.

Alhamisi, kabla kituo hakijafunguliwa, daktari alikuta mihuri mitatu imepangwa juu ya meza yake, na Mama Masjala amesimama kando.

"Nini hiki, Mama?"

"Ndiyo asilimia yako."

Akamweleza. Barua ya wakaguzi, mganga mkuu na faili zinazoelea, alasiri ile, kamba, rafu ya juu. Mwanzoni daktari hakuelewa, akadhani anaambiwa kuna makosa machache.

"Kwa hiyo baadhi yao hawakupona."

"Sisemi hivyo. Nasema sijui, na hakuna anayejua. Neno hilo humu ndani maana yake ni kwamba mtu hakuja tena, basi. Walioacha dawa, na kuja waliacha pia. Ndiyo maana karibu wote wamepona."

Daktari akaanza kufungua kompyuta, akaacha njiani. "Wangapi walionekana kweli? Kwa macho?"

"Zenye muhuri tulisoma mia mbili na arobaini. Wenye maandishi ya muuguzi kwamba alimwona mtu na alikuwa mzima, ni thelathini na wanane. Nimekuja saa kumi na moja nikahesabu."

Bwana Asilimia akakaa. Watu hawakuzoea kumwona amekaa, alionekana mdogo.

"Kwa nini hukuniambia wiki ya kwanza?"

"Wiki ya kwanza sikuwaza. Wiki ya pili nilidhani unajua, kisha nikaona aibu. Baada ya hapo nilitaka iwe kweli."

Alitegemea kufokewa, na alikuwa amejiandaa. Daktari akajifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Hata mimi nilitaka," akasema. "Muuguzi mmoja, baiskeli moja. Nilipoona kwamba walioacha dawa tunaweza kuwaacha, nilifurahi kabla ya kufikiri. Vitabu vyote vinasema vingine, nikavitupa kwa siku moja."

"Kesho utawaambia nini wakubwa?"

"Kwamba hatujui."

"Asilimia ngapi hatujui?"

Daktari akamtazama kuona kama anamdhihaki. Alikuwa anamdhihaki, kidogo tu, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumshika mkono. "Themanini na nne," daktari akajibu, na karibu acheke.

Wakafanya lililowezekana. Kwa watu thelathini na wanane huwezi kujenga hata kibanda, daktari alisema, kwa hiyo mpaka zipatikane habari za kweli watafuata vitabu: aliyeugua zaidi ya mara moja na aliyeacha dawa mapema, hao ndio wa kutafutwa kwanza. Kazi ilikuwa imegeuka juu chini. Waliokuwa waachwe wapumzike ndio waliokuwa waanze kubishiwa hodi, rafu nzima ya juu, na baiskeli ni ileile. Mama Masjala alijua pia kwamba barua ya onyo itakuja. Ilikuja wiki iliyofuata, akaifungulia faili.

"Wa kwanza tumeshampata, mke wa fundi viatu," daktari akasema, kalamu mkononi. "Wa pili?"

Mama Masjala akatoa faili mkobani. Wino wa AMEPONA ulikuwa bado mweusi tii. Daktari akasoma tarehe, akasoma tena.

"Huyu hata mwaka hakumaliza. Nani alimpigia?"

"Mimi. Ni mdogo wangu."

Safari hii hakutoa hesabu yoyote. "Mlete kesho asubuhi," akasema. "Nitamwona kabla ya mkutano."

Kutoka kitandani mpaka mlangoni kulichukua saa nzima. Kutoka mlangoni mpaka kituoni, walisimama mara nne. Kwa desturi ndugu wa wafanyakazi walipitia mlango wa nyuma, wakapewa dawa jikoni pamoja na chai, bila foleni wala maswali. Ulikuwa wema wa kikazi, na Mwalimu alishaupitia sana. Asubuhi hiyo Mama Masjala aliufunga kwa komeo. Akamweka mdogo wake kwenye benchi la mbele kama watu wengine, akazunguka, akaingia masjala, akafungua dirisha.

Zamu ilipofika Mwalimu akasimama mbele ya nondo, kanga ameivuta mpaka masikioni. Daktari alikuwa amechapisha karatasi mpya usiku, na ilitakiwa kujazwa hapo hapo.

"Namba?"

"Dada, namba unaijua."

"Namba?"

Mwalimu akaitaja. Mama Masjala akachukua kalamu ya wino, akaufuta muhuri wake mwenyewe kwa mstari mmoja, akaweka tarehe.

"Mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Dawa?"

"Niliacha."

"Usingizi?"

"Hakuna."

Vyote akaviandika. Ukabaki mstari ule wa chini, uliokuwa mtupu kwenye faili karibu zote alizosoma wiki sita.

"Mtu wa nyumbani atakayekufuatilia?"

Mwalimu akashika nondo. Nyuma yake mtu akakohoa, mwingine akaegemea ukuta. "Uache hivyo hivyo, Dada," akasema mwishowe, sauti ndogo. "Umechoka."

Mama Masjala akainua macho kutoka kwenye karatasi. Uso ule aliukagua mara nyingi, lakini leo aliuangalia tu.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka sana, mdogo wangu."

Kisha akaandika majina yake, yote matatu, na chini yake akaandika anapoishi, ingawa nyumba ilikuwa moja.